Barua kwa Saidi, kuhusu kipepeo anayetafutwa

Buhoma, Uganda, 14 Machi

Ndugu yangu Saidi,

Salaam sana. Ujumbe wako nimeupata kwa dereva wa takisi. Nyumbani wazima, ila mama na magoti yake, kama kawaida mvua zikianza.

Sasa hilo la mteja wako wa vipepeo, anayetaka nimtegee mmoja hapa mbugani. Jibu ni hapana, na nakujibu mapema usije ukala arubuni yake halafu ukanitaja mimi. Ndani ya mbuga huruhusiwi kubeba hata mdudu bila kibali, na mimi ndiye ninayewaambia wageni hivyo kila asubuhi. Halafu aliyekwambia tutege kwa ndizi zilizooza alichanganya mambo. Ndizi na tonto, ile pombe ya ndizi, ni za vipepeo wengine, akina charaxes. Wale hulewa mpaka unawaokota kwa vidole. Huyo anayemtaka mteja wako, Papilio antimachus, hana habari na ndizi. Dume hushuka kwenye tope lenye chumvichumvi, hasa palipokojolewa, utanisamehe. Jike hubaki juu kwenye vilele vya miti, ndiyo maana ni adimu hata kwenye makabati ya wakusanyaji.

Dume mmoja nilimwona wiki jana kando ya Mto Munyaga. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka. Nikadhani popo kapotea mchana! Akatua hatua tatu tu kutoka niliposimama. Mabawa marefu, membamba, rangi ya chungwa iliyoungua, na weusi kingoni. Wakubwa wao, ukipima ncha hadi ncha, hufika sentimita 23. Kiganja changu kizima, vidole na vyote, hakifiki hapo. Afrika nzima hakuna kipepeo wa kumzidi. Akachomeka mrija topeni akawa anafyonza, na kila baada ya kitambo tone la maji likaruka nyuma yake. Chumvi anaweka, maji anatupa. Wala hakuwa na haraka, maana mwilini ana sumu ya kusumbua moyo. Ndege gani atamgusa?

Kutamaniwa hakukuanza na mteja wako. Aliyempa jina, mwaka 1782, ni Dru Drury, fundi wa fedha wa London, na kipepeo mwenyewe alikuwa ametoka Sierra Leone.

Lakini sababu yangu hasa unaijua, ila hujawahi kuniuliza. Unakumbuka viatu vyangu vya kwanza vya shule? Nilivinunua kwa pesa za yule mgeni wa chandarua cha kunasia vipepeo. Alinifundisha kumbana kipepeo kifua kwa vidole viwili, tk, kisha kumkunja ndani ya karatasi ya pembetatu. Aliyechanika bawa halipwi. Nilikuwa napeleka ishirini, ananunua wanne, na waliobaki nawamwaga nyuma ya choo. Unga wa mabawa ulikaa kwenye kucha hata wakati wa chakula, mama akidhani nimechezea manjano yake.

Mwambie mtu wako aje mwenyewe, na gambuti na subira ya siku tatu nne. Nitampeleka mtoni, apige picha mpaka achoke. Akikataa, basi alichokuwa anataka si kumwona.

Nawe ukija, nipitie Katwe uniletee chumvi kidogo. Si ya vipepeo, ni ya mbuzi wa mama.

Wako,
Baraka