Mwanangu, umeyafungua?

Mwanangu,

Dada yako ameniambia pendekezo lako la utafiti limerudishwa. Kwamba hukuniambia wewe, hilo tutaliongea ukija. Anasema kwenye marejeleo yako kuna makala ambayo msimamizi ameyatafuta hadi akachoka, hayapo.

Sasa nakuuliza: uliyafungua? Nimepiga chapa tasnifu za watu hapa mjini tangu hujazaliwa, na najua mtahini mkali huanzia kurasa za nyuma. Hiyo akili unde mnayoiuliza kila kitu itakupa jina la mwandishi, mwaka, jarida, hata nambari ya DOI, ile ya kuitambulisha makala mtandaoni, na yote yakawa ya kubuni. Ibandike hiyo nambari pale doi.org. Ikikataa, au ikileta makala mengine, futa.

Halafu, unaandika juu ya maji ya mtaa wa Mukuru, Nairobi, na umejaza makala ya India! Matokeo ya sensa ya 2019 yako kwenye tovuti ya KNBS, shirika la takwimu la Kenya, bure kabisa. Juzuu ya nne inaonyesha watu wanapata wapi maji ya kunywa, kaunti hadi kaunti ndogo. African Journals Online nayo ipo tangu 1998, imejaa majarida ya Afrika. Ukiingia Google Scholar usiandike swali refu kama unayepiga gumzo na jirani. Jina la mtaa na maneno mawili matatu yatosha. Makala yakidai dola, usilipe. Angalia matoleo mengine ya makala hayo hayo, mara nyingi utakuta nakala ya bure imewekwa na chuo fulani. Ukikosa, mwandikie mwandishi barua pepe umwombe kwa adabu.

Na kusoma muhtasari tu si kusoma, baba. Fungua, usome, uandike nambari ya ukurasa.

Kichwa unacho. Kina mama wa chama wamechoka kunisikia nikikutaja, ndiyo maana hili limeniuma.

Hapa tuko sawa. Mwenye nyumba ameongeza kodi, na maji siku hizi yanakuja usiku, kwa hivyo mitungi inajazwa tukiwa na usingizi. Lile blanketi lako la kijivu nimempa dada yako, usije ukalitafuta.

Nimekutumia pesa kwa M-Pesa. Ni za bando, si za chipsi. Kufikia Ijumaa nitumie orodha mpya kwa WhatsApp, kando ya kila makala uandike ukurasa uliousoma. Nitayafungua mwenyewe, moja moja.

Mama yako