Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Usiku katika Nyumba Yetu ya Wazee, Tanga

Ndugu wanachama, asalaam aleikum. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia usiku, maana mchana wazee wetu pale Ngamiani wanahudumiwa vizuri, lakini usiku tuliwaacha.

Wakati wa masika bibi yetu mmoja aliamka kwenda msalani. Umeme ulikuwa umekatika, sakafu ya sementi imelowa, kandambili zake zimekwisha soli. Alianguka, akavunjika nyonga. Mhudumu wa zamu alikuwa peke yake nyumba nzima, na saa ile alikuwa akimgeuza mzee asiyejiweza kitandani, kazi isiyongoja: mgonjwa wa namna ile hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo anapata vidonda vya mgongo. Simlaumu mhudumu hata kidogo. Zamu ya mtu mmoja tuliipanga sisi kamati, na saini ni yangu. Bibi amerudi, anatembea na gongo, wala si yule tuliyemzoea. Tumekwenda kwa wanawe kuwaomba radhi, na leo nawaomba ninyi.

Tangu hapo tumefunga vyuma vya kushikia msalani na taa za sola ukumbini. Kandambili tumeziondoa, kila mzee ana viatu vyenye mkanda wa nyuma. Ufunguo wa mlango wa nondo, uliokuwa ukikaa kwa mlinzi, sasa unaning'inia ndani. Moto haungoji mlinzi atafutwe.

Dawa nazo zilitutia hofu. Chini ya mito tulikuta diklofenaki, dawa za maumivu za dukani, zimeletwa na wajukuu kwa mapenzi tu, bibi analalamika magoti. Kwa mzee mwenye presha dawa hizo hupandisha presha na kuumiza figo. Mwezi wa Ramadhani wazee wawili wenye kisukari walifunga huku wakimeza vidonge vyao kama kawaida, mmoja akakutwa anatetemeka, jasho linamtoka: sukari imeshuka. Mwaka ujao, kabla ya mwezi kuandama, kila mwenye kisukari ataonana na daktari, na tutamwomba shekhe azungumze nao kuhusu ruhusa ya mgonjwa kutofunga. Sisi wakitusikia wanatuona tunawanyima ibada.

Jambo jingine liliniuma. Bibi mmoja aliniambia anaogeshwa mlango wazi, na watu wanaingia chumbani bila hodi. Mama aliyelea watoto saba! Nimeagiza mapazia, na hodi sasa ni sharti la kazi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee. Ndugu walioko Dar es Salaam, fedha mnazotuma zinafika, tunashukuru. Njooni na ninyi wenyewe.

Mhudumu wa pili wa usiku tunamlipa kwa sadaka, na sadaka hiyo inatosha mwezi huu tu. Kamati inaomba ada ipande ili abaki. Kura ni leo. Anayetaka kupinga ana haki yake, ila simu yangu nitaiacha wazi: nikipigiwa tena usiku kuwa mzee ameanguka, nitawapigia na ninyi.