Kaka, usisaini kwanza

Gloucestershire, Uingereza
Julai

Kaka Festo,

Kamwene. Mimi mzima. Huku ni kiangazi, saa 3 usiku jua bado liko juu ya mapaa, na najua nyie huko Mufindi mmejikunyata jikoni kwa baridi, sakitu imeshaunguza majani ya viazi. Mpe mama pole ya miguu. Ile sweta niliyotuma aivae, asiifungie sandukuni akisubiri Krismasi.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Mnunuzi wa mjini anazitaka eka nne za marehemu baba, kuanzia barabarani hadi mtoni: juu ajenge nyumba ya wageni, katikati parachichi, chini mikaratusi. Mwenyekiti amekubali, dalali ana karatasi mkononi, limebaki neno langu. Unasema nisipojibu wiki hii bahati itahamia kwa jirani. Kaka, huyo jirani naye ameambiwa hivyohivyo kuhusu sisi.

Sikatai maendeleo. Mimi ndiye niliyekaa na mama usiku ule gari liliponasa kwenye utelezi tukimkimbiza hospitali Mafinga. Lami naipenda kuliko wewe.

Lakini nikusimulie kijiji ninachofanyia kazi. Ni kidogo kuliko chetu. Nyumba ni za mawe yenye rangi ya mahindi ya kukaanga, kondoo wanalisha hadi karibu na kanisa. Hapa tangu sheria ya 1947 unaweza kuwa na shamba lako, ila ruhusa ya kujenga juu yake lazima uombe. Tena kijiji chenyewe ni eneo la hifadhi, utaratibu ulioletwa na sheria ya 1967: mti wa uani kwako huukati mpaka uwape halmashauri taarifa wiki 6 kabla. Nyumba ya bibi ninayemhudumia iko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Dirisha limeoza, upepo unapita, na hawezi kuweka la aina nyingine bila kibali.

Mwezi wa tatu niliona karatasi imefungwa kwenye nguzo ya taa. Mtu anaomba kujenga nyumba 12 kwenye shamba lililo nyuma ya kanisa, mwenye maoni ana siku 21. Niliisoma mpaka basi likaniacha. Sisi kwetu taarifa ya kwanza huwa ni greda.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Bibi wangu, miaka 88, nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, akanyoosha mkono kupinga. Walisema nyumba hizo zitaharibu sura ya kijiji. Baadaye wilaya ikayakataa maombi, watu wakapongezana. Asubuhi moja wiki hiyohiyo bibi akanikaripia kwa kuchelewa. Nilichelewa kwa sababu napanda mabasi mawili, maana pale kijijini hakuna chumba ninachoweza kukilipia. Shule ilishafungwa. Lililokuwa duka ni nyumba ya watu wanaokuja wikiendi. Wajukuu zake wanaishi mbali, nao hawakuweza bei. Kijiji kizuri kweli, ukikipiga picha utadhani kimechorwa, ila wa kumwosha bibi mgongo ametoka Mufindi.

Kwa hiyo siwaambii mfanye kama Waingereza. Na ya kwetu nayo nayakumbuka. Babu alisimulia Operesheni Vijiji ya 1974, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vipya, nyumba zikapangwa mstari mmoja kando ya barabara, mashamba ya zamani yakabaki mwendo wa saa nzima. Huo nao uliitwa mpango, ila aliyeupanga hakuwa na jembe pale.

Linaloninyima usingizi ni bonde. Mahindi ya juu yakiisha ghalani, Desemba ile ya njaa, sisi tulikula mahindi mabichi ya kinyungu cha mama, bustani yake ya matuta kule bondeni. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kabichi za kinyungu hicho. Leo tupande mikaratusi juu yake? Wewe mwenyewe ulinionyesha kisima cha kwa baba mdogo kilivyokauka baada ya miti ile kukua.

Tena tusijidanganye. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni ziachwe bila shughuli za kudumu. Ukivuta kamba, kinyungu cha mama nacho kimo ndani. Hili lisemwe mkutanoni mchana kweupe, kijiji kipatane matuta yarudi nyuma kiasi gani na ukingoni ipandwe mianzi, ambayo wazee hawataikataa kwa ajili ya pombe yake ya ulanzi. Tukinyamaza, siku mwenye hela akija na ramani yake, atakayetajiwa mita 60 ni mama.

Mwenyekiti peke yake si kijiji. Kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, hata Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi kabla Mkutano Mkuu haujaridhia, na mkutano huo ni wa kila mwanakijiji aliyefikisha miaka 18, akiwemo mama na fimbo yake. Sheria ya 2007 inakipa kijiji nafasi ya kupanga matumizi ya ardhi yake: wapi makazi, wapi mashamba, wapi malisho, njia ya ng'ombe ipite wapi. Ombeni hilo sasa, kabla kijiji hakijatangazwa eneo la mipangomiji na ramani ikachorwa ofisini.

Kule juu barabarani sina ugomvi. Eka moja tukodishe, zijengwe fremu, gari za mbao zikisimama watu wauze chai na vitumbua. Nyuma yake tupime viwanja vya vijana wako wawili. Umenitajia bei ya eka nne, hukunitajia Baraka na Yohana watajenga wapi. Zilizobaki, tuombe hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mama liwemo.

Utaniambia maisha ya ughaibuni yamenifanya mjuaji. Sawa, lakini karatasi usisaini.

Nimetuma laki tatu. Moja ni ya dawa za mama. Mbili ni za siku ya kupima, maana najua watasema gari la wilaya halina mafuta, na wazee wa mipaka hawatembei bila chai. Risiti sitaki. Nitumie picha ya ile mianzi aliyopanda baba mpakani kule mtoni, nione kama bado imesimama.

Mdogo wako,
Neema