Barua ya Kufunga Muhula: Hofu ya Mtihani kwa Watoto Wetu wa Kidato cha Nne

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari ya Kutwa,
Jiji la Tanga.

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa Kidato cha Nne

YAH: LIKIZO YA MUHULA WA KWANZA NA HOFU YA MTIHANI WA TAIFA

Ndugu wazazi na walezi,

Nawasalimu nyote, kila mmoja kwa salamu ya imani yake. Shule imefungwa leo, na mtoto wako amekuja na bahasha yenye vitu viwili: fomu ya matokeo ya mtihani wa kufunga muhula, na barua hii. Naomba uanze na barua. Najua mkono unakwenda wenyewe kwenye fomu, kwa kuwa na mimi ni mzazi, lakini yapo mambo niliyoyaona katika majuma ya mtihani ambayo ningependa uyajue kabla hujazitazama alama na kabla hujamwita mtoto sebuleni.

Siku ya Hisabati, msimamizi aliniletea karatasi ya kijana mmoja ambaye juma lililotangulia nilimkuta ubaoni baada ya vipindi, akiwaelekeza wenzake namna ya kutafuta mteremko wa mstari, na akiwaelekeza vizuri kuliko baadhi yetu walimu. Karatasi yake ilikuwa na namba yake, na chini yake swali la kwanza lilikuwa limenakiliwa mara tatu, kila mara kwa mwandiko mdogo zaidi. Jibu halikuwapo hata moja. Nilipomwita ofisini hakulia wala hakujitetea. Aliniambia tu kwamba kila alipotaka kuanza kukokotoa, aliiona mashine ya boti. Baba yake, ambaye ni mvuvi, aliuza mashine yake mwaka huu ili alipie tuisheni, na jioni wakila humwambia, wala si kwa ubaya, "Mashine ile sasa ndiyo wewe." Nimezungumza na mzazi huyo, naye ndiye aliyeniruhusu, tena akanihimiza, niandike habari hii bila kumtaja.

Simlaumu. Ingawa tangu mwaka 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake za sekondari hadi Kidato cha Nne, kila mmoja wenu anajua kwamba madaftari, sare, nauli na tuisheni vinatoka mfukoni, na mfuko wenyewe unatokana na samaki, vitumbua, mshahara wa bandarini au kibarua cha mkonge. Mzazi ana haki ya kusema amejinyima. Lakini kijana wa miaka 17 hana namna ya kulipa mashine ya boti, na akisikia kila jioni kwamba mtihani ndio malipo, anaacha kuuona mtihani kuwa maswali ya kujibu na kuanza kuuona kuwa deni linalodaiwa saa ileile, mbele ya msimamizi, ndani ya saa tatu. Ninaloomba likizo hii ni hilo moja: nyumba iwe mahali ambapo mtoto anautua mzigo huo, isiwe mahali anapoongezewa.

Wapo wenye kusema kwamba bila hofu mtoto hasomi, nami siwapingi moja kwa moja, kwa sababu wasiwasi kiasi humwamsha mtu na kumkalisha kitini. Tatizo ni kiasi. Hofu ikizidi, mwili hujiandaa kana kwamba umekutana na nyoka: moyo unakwenda mbio, viganja vinaloa jasho, tumbo linavurugika, na ile nafasi ya akili ambayo ingeshika tarakimu na kanuni inashikwa na wazo moja tu, kwamba nitaaibika. Ndiyo maana mtoto anatoka chumbani na kukumbuka majibu yote akiwa njiani kurudi. Si uongo, wala si kwamba hakusoma. Mwenzake anayeumwa kichwa kila asubuhi ya mtihani, au msichana ambaye siku zake zimebadilika tangu mwezi wa nne, naye asihesabiwe kuwa anatafuta visingizio. Apelekwe akapimwe, na wakati huohuo aulizwe kwa upole nini kinamlemea.

Neno linalotisha kuliko yote mitaani kwetu ni "ziro", na nimegundua kwamba wazazi wengi wanalitumia bila kujua linahesabiwaje. Baraza la Mitihani huchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5; kwa hiyo aliye bora kabisa ana pointi 7 na aliyefeli yote saba ana 35. Daraja la kwanza linaishia pointi 17, la pili 21, la tatu 25, la nne 33; anayezidi hapo ndiye mwenye ziro. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye C moja tu, au D mbili, hata kama mengine yote ni F, ana pointi 33 na tayari yuko nje ya sifuri. Sisemi hivyo ili aridhike na D mbili. Nasema kwa sababu wapo watoto wetu wenye C nne kwenye fomu hii ambao hawalali kwa kuogopa sifuri, na mzazi akikaa naye dakika kumi na kalamu, wakajumlisha pamoja, hofu hiyo inapata mpaka wake. Kisha ndipo mzungumzie yale yenye maana zaidi: ni somo lipi liko karibu kupanda daraja, na lipi linahitaji msaada wa mwalimu.

Vilevile mwambieni ukweli kuhusu kinachofuata. Kuchaguliwa Kidato cha Tano kunahitaji walau C katika masomo matatu, na tunamtakia kila mtoto afike huko. Lakini zipo njia nyingine: vyuo vya kati, chuo cha ufundi stadi cha VETA hapahapa Tanga, na kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Nilipomwambia mwanafunzi mmoja kwamba mtu anaweza kurudia somo, alinitazama kana kwamba nimemfichulia siri ya serikali. Nyumbani walimwambia mlango ni mmoja na ukifungwa umefungwa.

Sasa niseme kuhusu usingizi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Watoto wetu wanashindana kukesha. Wanaita kupiga msuli, na yuko aliyeniambia kwa fahari kwamba anasoma miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi mpaka saa nane za usiku ili asisinzie. Mama yake, nadhani, alimsifu. Kijana wa umri huu anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na ni katika usingizi huo ambapo ubongo unayapanga yale yaliyosomwa mchana. Anayeukata usingizi anaukata pia ule msuli wake. Vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu, pamoja na kahawa chungu ya barazani, vikinywewa saa mbili usiku bado vinafanya kazi mwilini saa saba. Naomba taa izimwe saa tatu, simu ikae chumbani kwa mzazi, na mtoto aamke saa kumi na moja alfajiri, wakati nyumba imetulia na akili ni safi. Mwenye kuswali atakuwa ameamka kwa vyovyote.

Lakini taa haiwezi kuzimwa saa tatu ikiwa mtoto ameanza kusoma saa mbili na nusu. Nawaandikia hili hasa wazazi wa wasichana. Niliwaomba wanafunzi wa darasa moja waniandikie siku yao ya Jumamosi, na tofauti iliyokuwamo haikuhitaji maelezo: wavulana wengi walikuwa huru kuanzia saa nne asubuhi, ilhali wasichana walikuwa wamefua, wamechota maji, wamepika, wamelea, na wengine wamekaa na sinia la mihogo nje ya nyumba mpaka magharibi. Simtaki mtoto asiyejua kazi. Ninachoomba ni muda wa saa mbili mchana, kwenye mwanga wa jua, zisizoguswa na mtu, na ndugu zake wajue kwamba saa hizo dada hatumwi dukani. Kama nyumba ni ya vyumba viwili na watu tisa, na nyumba za namna hiyo ni nyingi Ngamiani na Makorora, mtoto aje shuleni; madarasa mawili yatakuwa wazi siku za kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, na atakuwapo mwalimu wa zamu. Hakuna malipo yoyote. Atakayedaiwa fedha anijulishe mimi mwenyewe.

Katika saa hizo mbili asome vipi? Wengi husoma ukurasa uleule mara tano, wakaona wanaujua kwa kuwa macho yameuzoea. Waliopitia chuoni kwa mwalimu wa Kurani wanaikumbuka njia iliyo bora: hupewi somo jipya mpaka umelisoma la jana kwa kichwa, na lile la juma lililopita linarudiwa kabla halijapotea. Mtoto afunge daftari, aandike anachokumbuka, afungue, aone alipokosea, kisha arudi kwenye mada hiyo baada ya siku mbili na tena baada ya juma. Mzazi asiyejua somo lenyewe anaweza kusaidia sana kwa kushika daftari tu na kusema, "Haya, nieleze." Kuulizwa maswali mbele ya mtu anayekupenda, ukakosea na dunia isianguke, ni mazoezi ya mtihani pia.

Kuhusu tuisheni sitaandika mengi: moja inatosha, tatu ni uchovu.

Hofu ina biashara yake, nayo inakaribia kufunguliwa. Kila mwaka mitihani inapokaribia yanazuka makundi ya WhatsApp yanayouza "pepa", yaani karatasi inayodaiwa kuvuja, na mtoto aliyetishwa mno ndiye mteja wa kwanza. Karatasi nyingi ni za kubuni. Fedha inakwenda na usiku wa mwisho unapotea katika kukariri majibu ya maswali yasiyokuwapo. Na anayebainika amefanya udanganyifu, Baraza hufuta matokeo yake. Mtoto akiomba fedha za ghafla bila maelezo mwezi wa kumi, tafadhali uliza.

Yapo mawili yanayohitaji tahadhari zaidi. La kwanza ni yale yaliyotokea mwezi uliopita, wasichana sita walipoanguka na kupiga kelele darasani, na mtaani ikavuma kwamba shule ina mapepo. Sikatazi dua wala maombi, na nawashukuru mashehe na wachungaji waliokuja. Ila nikumbushe kwamba mwezi wa kwanza mwaka 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kujizuia, wakafika 95 kati ya 159, na shule ikafungwa mwezi wa tatu. Madaktari waliochunguza hawakuona sumu wala vijidudu. Mzigo wa moyo ukiwa mkubwa na hauna pa kusemewa, mwili hutafuta njia yake, na huambukizana kwa kuonana. Kati ya wasichana wetu sita, wanne walikuwa hawajala tangu usiku. Tangu siku ile tumeanza kuwapa wote uji saa nne, na nawashukuru wazazi waliochangia unga.

La pili ni zito. Mtoto anayeacha kula, anayejitenga na rafiki zake wa siku zote, anayegawa vitu vyake, au anayesema hata kwa mzaha kwamba angekuwa bora hayupo, asigombwe na asiachwe peke yake. Msikilizeni, kisha mpelekeni kwenye kituo cha afya au Hospitali ya Bombo, na mtujulishe. Ipo pia namba 116, ya kumsaidia mtoto, ambayo haina malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mwalimu wa ushauri nasaha atapatikana shuleni kila Jumatano ya likizo, na anayoambiwa hayatangazwi kwenye kikao cha walimu.

Nimalizie kwa mambo ya utaratibu. Mtihani utafanyika mwezi wa kumi na moja, ambapo kusi imekwisha, joto limerudi na mvua za vuli huwa zinanyesha, na kila mwaka wapo wanaofika chumba cha mtihani wakiwa wamelowa au baiskeli imepasuka tairi. Likizo hii mkague baiskeli ya mtoto, na wanaotoka Pongwe na Mwambani wakubaliane mapema na dereva wa bodaboda anayeaminika, mmoja kwa watoto wawili au watatu wa jirani, akiwapeleka kwa zamu. Hakikisheni pia kwamba jina kwenye fomu ya matokeo linafanana na lile la usajili wa mtihani, herufi kwa herufi. Penye kosa leteni cheti cha kuzaliwa ofisini mapema iwezekanavyo.

Sehemu ya chini ya fomu ina nafasi mbili za kusainiwa, ya mzazi na ya mtoto, na mwaka huu nimeongeza mistari mitatu mitupu. Hiyo ni ya mtoto aandike jambo moja ambalo angependa lipungue nyumbani na moja ambalo angependa lipungue shuleni. La shuleni tutalishughulikia sisi. Fomu irudi siku ya kufungua shule, ikiwa imesainiwa na wote wawili.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkuu wa Shule