Kurabu wauawe, lakini si ovyo wala si bure

Mhariri,

Tangu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) litangaze mwaka 2024 azma ya kuangamiza kurabu (kunguru wa Kihindi) milioni moja, mazungumzo ya barazani yamekuwa ya pande mbili tu: wauawe wote, au waachwe kwa kuwa ni viumbe wa Mungu. Mimi ni wa kuunga mkono kuua. Ninachopinga ni kuua ovyo, na zaidi kuua bure.

Kurabu huyu wa shingo ya kijivu si wa kwetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na Mombasa alifika mwaka 1947. Hula mayai na makinda ya kwera, chozi na ndege wengine wadogo, na vifaranga uani huwanyakua mama yao akiangalia. Anayesema tusiue kitu naye amekwisha kuchagua nani afe, ila wale wa kiotani hatuwasikii.

Dawa inayotumika ni Starlicide, iliyobuniwa Marekani dhidi ya kwezi wanaovamia vyakula vya mifugo. Wasomaji wajue inavyoua. Kurabu akimeza kipande cha nyama chenye dawa haanguki papo hapo. Huruka zake, na baada ya saa chache hushikwa na kiu, akawa anakunywa maji mara kwa mara. Kisha huacha kula, huacha kunywa, hutuna manyoya na kukaa kimya tawini huku figo zikishindwa kazi. Huchukua saa nyingi, pengine siku nzima na zaidi. Ndipo penye uzito: ucheleweshaji huohuo ndio unaoifanya dawa ifae. Kurabu ni mjanja mno. Akiona wenzake wamelala wafu kando ya chakula, mahali hapo hatii mguu tena. Sikatai dawa kwa sababu hiyo, lakini kifo kirefu namna hiyo hakifai kutumiwa mahali ambapo mtego ungetosha.

Na ikitumika, kazi kubwa ni ya kabla ya dawa. Nyama safi isiyo na kitu hukatwa vipande vya ukubwa mmoja, ikawekwa mahali pamoja, saa ileile ya alfajiri, siku kadhaa mfululizo. Mtu hukaa akahesabu nani anakuja. Wakija kurabu watupu, sawa. Akionekana mwewe, yangeyange, paka au kunguru wetu wa asili, yule mkubwa mwenye kifua cheupe, mahali hapo paachwe. Siku ya dawa chambo huwekwa kwa muda mfupi, mwangalizi haondoki, na vipande vilivyobaki huokotwa kwa hesabu. Hapa ndipo mambo huharibika: kipande kimoja kikisahaulika, kuku wa jirani hukidonoa, na kuku hawaistahimili dawa hii. Njiwa na bundi vilevile. Wanyama wengi wanaonyonyesha huistahimili kuliko ndege, lakini paka ni dhaifu kwayo, na Mji wa Kale umejaa paka. Mizoga iokotwe chini ya miti wanakolala, izikwe au ichomwe.

Dawa hii ina nafuu moja: mwilini mwa ndege huvunjwa karibu yote kabla hajafa, kwa hiyo anayekula mzoga hana hatari kubwa. Sumu za wadudu zinazopakwa kwenye nyama kienyeji haziko hivyo. Kabofurani, mojawapo ya hizo, imeua tai na simba nchini humu kwa njia ya mizoga. Mwenye kufanya hivyo mtaani anahatarisha hata watoto wake.

Mtego ni bora palipo na uwanja na mlinzi. Ni tundu la waya la kiasi cha mita 2 kila upande, juu likiwa na ngazi ya mbao yenye nafasi za sentimita 15 hivi. Kurabu huangukia ndani mbawa zikiwa zimekunjwa, ila kutoka kwa kuruka hawezi, mbawa zikitandazwa hazipiti. Ndani huwekwa kurabu wawili watatu wa kuvutia wenzao. Hao nao wana haki: maji ya karai, chakula, na kipande cha makuti kiwatie kivuli. Mtego usiokaguliwa kila siku ni mateso, kwani ndege hufa kwa jua na kiu. Kunguru wa kifua cheupe akiingia aachiliwe. Kurabu huvunjwa shingo kwa mkono mmoja mzoefu, mmoja mmoja, mbali na macho ya wenzake. Kuwafunga guniani mpaka wafe, au kuwaacha na mawe ya manati mwilini, hakuna wa kukutetea.

Wapo wanaotaja hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliyehirimia kwa Hija, kunguru akiwamo. Wanasema kweli. Lakini Mtume huyohuyo ametuamrisha tukiua tuue kwa wema, na mchinjaji anoe kisu chake ampumzishe mnyama. Ruhusa imekuja na namna yake.

Sasa hilo la kuua bure. Tuseme kundi lina kurabu 1,000, tukaua nusu. Waliobaki ni jozi 250. Jike hutaga mayai 3 hadi 5. Kila jozi ikikuza makinda mawili tu, msimu ujao tumerudi pale pale, na makinda hukua kwa wingi kwa sababu chakula ni kilekile na walaji wamepungua. Chakula chenyewe ni matumbo ya kuku na samaki yanayomwagwa wazi kwenye masoko ya Kongowea na Marikiti, na jaa la Mwakirunge lisilofukiwa. Kurabu huamka na mwanga. Taka zikibebwa usiku, mapipa yakawa na vifuniko, na matumbo yakafukiwa udongo siku ileile, njaa itafanya sehemu kubwa ya kazi bila sumu.

Naiomba kaunti ianzie hapo, miezi michache kabla ya kipande cha kwanza cha chambo, na hesabu ya kurabu kwenye miti yao ya kulala ichukuliwe kabla na baada, itangazwe hadharani.

Mpenzi wa ndege,
Mombasa