Picha za W-2 zilizotumwa Nairobi bila idhini

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu.

Ofisi ndogo ya kujaza ritani za kodi hapa Marekani ilimpa binamu wa mwenye ofisi, aliyeko Nairobi, kazi ya kuingiza data. W-2 za wateja 40, yaani fomu za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, zilipigwa picha kwa simu zikatumwa kwa WhatsApp, kisanduku cha “a” kikisomeka vizuri kabisa: sosho (namba ya Social Security), tarakimu zote 9.

Mwenye ofisi anasema ni mambo ya ndugu. Sheria haioni hivyo. Kifungu 7216 cha sheria ya kodi ya Marekani ni cha jinai: mtayarishaji wa ritani anayetoa taarifa za mteja kwa kujua au kwa kutojali anaweza kutozwa hadi dola 1,000, kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili. Ninachokiogopa zaidi ni kifungu 6713, kwa kuwa hakiulizi nia. Ni dola 250 kila taarifa inapotolewa, mwisho dola 10,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 40 uone.

Baadhi ya wateja walikuwa wameandika “sawa tu” kwenye simu. Hiyo si idhini. Kwa karatasi, idhini hukaa peke yake, herufi zisipungue pointi 12, imtaje anayepelekewa, taarifa zipi na za nini, isainiwe na kuwekwa tarehe kabla ya kutuma. Hata ukiwa nayo, sosho hufichwa kazi inapokwenda nje ya nchi, isipokuwa pande zote mbili zina ulinzi wa data wa kutosha. Simu ambayo watoto wanaichezea haina ulinzi huo.

Sasa kuna anayeshauri wateja wasainishwe leo kwa tarehe ya Januari. Kwa maoni yangu, hapo uzembe unageuka kughushi.

Naomba ushauri wa waliowahi kushughulikia haya. Picha zifutwe Nairobi mara moja, au kufuta kutaonekana ni kuharibu ushahidi? Wateja waambiwe leo ili waombe IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) ile IP PIN ya tarakimu 6, inayomzuia mwingine kujaza ritani kwa sosho yao, au wakili aonwe kwanza? Na huyo binamu, ambaye Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamhusu, atafute wakili wake mwenyewe?

Msomaji wenu,
Minnesota