Wanaotoa kazi zao hadharani wasomwe kwa haki

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge dhana iliyozoeleka kwamba anayetoa shairi au hadithi yake isomwe na umma bila malipo anatafuta sifa tu. Sifa zipo, wala si dhambi kuzipenda. Lakini kinachowasukuma wengi ni haja ya kupata msomaji asiyewajua, ambaye hatawaonea haya kama ndugu au rafiki. Huyo ndiye atakayesema kwamba mhusika aliyekufa katika sura ya pili anazungumza tena katika sura ya tano, au kwamba mizani imepungua katika ubeti wa mwisho, jambo ambalo mtunzi, kwa kuwa ameshaukariri, halioni tena. Emily Dickinson wa Marekani, aliyefariki mwaka 1886, alitunga takriban mashairi 1,800 na kuchapishiwa machache mno akiwa hai, lakini mengi aliwapelekea jamaa na marafiki kwa barua. Hata yeye alihitaji kusomwa. Ndiyo maana inaniuma kuona mtunzi chipukizi akikejeliwa, ilhali anayemkejeli angeweza kumwonyesha mstari ulioharibika na sababu yake.

Wako,
Mpenzi wa fasihi